Mpaka wa Nyuma Asikie

Lori la vyombo liliingia Wenje saa kumi na mbili na nusu asubuhi, turubai lake limejaa vumbi hata hujui lilikuwa la rangi gani. Lilikuwa limetoka Mombasa usiku, likapita Malindi na Garsen, safari ya karibu kilomita 300. Lilibeba spika nane, jukwaa la vyuma lililofunguliwa vipande vipande na skrini ya LED ndani ya masanduku meusi, na nyuma lilikokota jenereta. Shirika moja lilikuwa linazindua mradi wake hapo, na wakubwa walitarajiwa saa nne. Fundi mkuu, kijana asiyependa maneno mengi, hakupakua kitu. Alitembea hadi mwisho wa uwanja, akavuta kiti cha plastiki, akakiweka chini ya mwembe, akakaa.

"Mwenye shughuli leo ni huyu," akasema, akikipiga kiti kofi.

Alimaanisha mtu atakayekaa mstari wa mwisho. Nimehudhuria hafla nyingi za mashirika, benki na serikali, nyingine katika kumbi ambazo zulia lake pekee lingejenga zahanati, lakini sijasikia kazi hii ya kuandaa jukwaa na sauti za hafla ikielezwa vizuri kuliko hivyo. Watu huidhania ni kukodi spika na kutundika pazia la rangi za kampuni. Kumbe ni kazi kongwe, na hapa kandokando ya Mto Tana ina historia ndefu kuliko anavyodhani yule afisa wa mawasiliano aliyekuja na hotuba kwenye kompyuta yake.

Wenje ni mji mdogo kati ya Garsen na Hola, karibu na misitu ya mbega wekundu iliyotengwa kuwa hifadhi mwaka 1976. Wapokomo hulima ukingoni: mpunga, mahindi, ndizi, maembe. Waorma na Wawardei huleta ng'ombe mtoni kiangazi. Mkutano wowote wa maana hapa hukusanya watu wenye lugha mbalimbali na kumbukumbu mbalimbali, na baadhi ya kumbukumbu hizo ni chungu. Kwa hiyo swali la nani asikike, na wa ngapi, halikuanza na maikrofoni.

Lilianza na ngoma. Wapokomo walikuwa na ngadji, ngoma kubwa takatifu iliyotunzwa na wazee wa baraza la Kijo. Wengi waliisikia, wachache waliiona. Iliwekwa faraghani, na mngurumo wake ndio uliowaambia watu kwamba kuna jambo. Fundi wa leo anayejificha nyuma ya pazia jeusi na kufunika spika kwa kitambaa ili sauti ionekane kama inatoka hewani anafuata desturi ileile bila kujua: sauti isiyoonekana inakotoka ina heshima yake.

Mashariki, Pate na Lamu, heshima hiyo ilipulizwa. Siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu, ndefu kupita mita 2. Ya Lamu ni ya shaba. Zote mbili zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Lamu. Hazikupulizwa ovyo. Zililia kwa kutawazwa mtawala na kwa harusi za wenye cheo, na aliyezisikia hakuhitaji kuambiwa nani amealikwa na nani hakualikwa. Kwa watu wa kawaida kulikuwa na mbiu ya mgambo, pembe ya mnyama, ambayo mpaka leo ikilia ina jambo. Mombasa, wamisionari wa Kianglikana wa CMS walipowaweka watumwa walioachiwa huru Freretown katika miaka ya 1870, walisimamisha kengele ya kuonya watu kila ilipohofiwa kwamba wafanyabiashara wa watumwa wanakaribia. Mahali hapo panaitwa Kengeleni hadi sasa, na makondakta wa matatu hulitaja jina hilo mara mia kwa siku bila kufikiria watumwa. Freretown hiyohiyo ilikuwa na bendi ya tarumbeta, na wanahistoria huitaja miongoni mwa chimbuko la beni, ile ngoma ya gwaride na mashindano iliyotapakaa kutoka mwambao hadi bara ya Tanganyika. Beni ilikuwa na kila kitu anachokiuza mwandaaji wa hafla leo: sare, ratiba, vyeo, jukwaa, na mpinzani wa kumzidi kelele.

Sasa nisimame kwenye mwaka mmoja, 1908.

Maafisa wa Kiingereza walikuwa wameichukua ngadji kutoka kwa Wapokomo mwaka 1902. Mwaka 1908 iliingia British Museum jijini London, na imo katika ghala lake mpaka leo, licha ya Wapokomo kuidai. Ukitaka kutawala watu waliotawanyika kandokando ya mto mrefu, hesabu ni rahisi: chukua kile kinachowaita.

Mwaka huohuo, kwa mujibu wa historia ambayo Kenya Power yenyewe huisimulia, mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar. Seyyid Barghash ndiye aliyeileta mwaka 1875 kuangazia kasri lake na mitaa ya jirani. Ilipovushwa Mombasa ndipo ikazaliwa kampuni ya umeme ya mji huo, ambayo mwaka 1922 iliungana na ile ya Nairobi kuwa East African Power and Lighting. Yaani umeme wa Kenya ulianza na jenereta ya mtumba iliyonunuliwa kutoka jumba la sherehe. Kila ninapoona jenereta ikikokotwa na lori kuelekea harusini au kwenye uzinduzi, huikumbuka ile ya Barghash. Ngoma iliingia ghalani na mtambo ukaja, mwaka mmoja, zote mbili habari za pwani moja. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, na sitaki kulitia tukio maana lisiyoibeba. Lakini kuanzia hapo, aliyetaka kuita watu wengi kwa pamoja alihitaji mafuta.

Haikuwa mara moja. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za HMV, alikuwa amekwisha kujijengea jina Unguja kwa kifua chake tu, mbele ya hadhira iliyokaa na kunyamaza. Kipaza sauti alichokikuta studio kilikuwa kitu kipya duniani. Kule San Francisco, Peter Jensen na Edwin Pridham walikuwa wameonyesha hadharani spika yao ya Magnavox mwezi Desemba 1915, na mwaka 1919 Rais Woodrow Wilson akahutubia watu wapatao 50,000 mjini San Diego kwa kifaa hicho. Kabla ya hapo, ukubwa wa mkutano uliamuliwa na mapafu ya msemaji. Baada ya hapo uliamuliwa na bajeti.

Huku kwetu sauti kubwa ilikuja pamoja na picha. Kati ya 1935 na 1937, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha jaribio la sinema za kuelimisha Waafrika wakiwa na makao Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Walipiga filamu za milimita 16, sauti wakaiweka kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, wakapakia mitambo kwenye lori na kuzunguka Tanganyika, Kenya, Uganda hadi Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Ukisoma walivyofanya kazi utamwonea huruma fundi wao. Santuri na filamu zilipaswa kuanza sekunde moja; sindano ikiruka, mkulima kwenye skrini anafungua mdomo na maneno yake yanafika akiwa ameshapiga jembe mara tatu. Mtu yeyote aliyewahi kuona video ya mkurugenzi ikitangulia sauti yake kwenye skrini ya ukumbi anajua kwamba miaka 90 haikuutibu ugonjwa huo. Umebadilishiwa jina tu.

Gari la sinema halikufa na ukoloni. Baada ya uhuru, magari ya Wizara ya Habari na ya makampuni ya sabuni na dawa yaliendelea kutandika shuka jeupe kwenye viwanja vya shule. Waliokulia vijijini miaka ya sabini na themanini wanakumbuka: tangazo la dawa ya meno kwanza, kisha kilimo bora, kisha filamu ya kuchekesha, na wadudu wakicheza ndani ya mwanga wa projekta. Watu wa nyuma walizunguka wakakaa upande wa pili wa shuka, wakaitazama picha kinyume. Hiyo nayo ni nafasi, na haikuwa na tikiti.

Mchana, kwenye baraza za chifu na mikutano ya siasa, mfalme alikuwa spika ya tarumbeta iliyofungwa juu ya Land Rover. Wataalamu wa sasa huidharau kwa sababu sauti yake ni ya puani, haina besi. Wasichotaja ni kwamba tarumbeta huikusanya sauti na kuielekeza mbele, hivyo wati 30 tu kutoka kwenye betri ya gari zilifika ng'ambo ya mto. Besi haikuhitajika kutangaza chanjo ya ng'ombe.

Mzee Jomo Kenyatta, aliyekuwa na sauti nzito isiyohitaji msaada mwingi, aliongeza ufundi wake: aliita "Harambee!" na umati ukajibu "Hee!" Huo ulikuwa mtambo kamili wa sauti ya kwenda na kurudi. Ila tazama mgawanyo wake. Jukwaa lilipata saa mbili, umati ukapewa silabi moja.

Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, pale Uhuru Gardens Nairobi, taa zilizimwa. Bendera ya Uingereza ikashushwa gizani. Taa zilipowashwa, ya Kenya ikawa inapanda. Sidhani kama kuna fundi wa taa nchini aliyewahi kupewa agizo zito kuliko hilo, na sijui kwa nini vyuo vyetu havilitumii kama somo la kwanza. Halikuhitaji rangi wala moshi wa barafu kavu, swichi moja tu na mtu aliyejua sekunde yake.

Kisha ukapigwa wimbo. Wimbo wa taifa ulikuwa umetayarishwa mwaka huohuo na kamati ya watu watano iliyoongozwa na Graham Hyslop, akiwemo mchungaji wa pwani Thomas Kalume, na lahani yake ilitoka kwenye wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Hapa ndipo Mto Tana unapoingia katika kila hafla ya kikazi nchini, iwe ya benki, ya bima au ya simu. Jambo la kwanza linalotoka kwenye spika, kabla ya dua na kabla ya mkurugenzi, ni lahani ambayo mama wa Kipokomo aliinong'ona ili mtoto alale. Mafundi huitumia kupima vyombo. Wanaipiga kwa nguvu asubuhi ukumbi ukiwa mtupu, wakisikiliza kama tarumbeta zinapasua masikio. Wenje niliona wanawake waliokuwa wakitandika mikeka wakisimama wima katikati ya majaribio, kwa adabu, na fundi akiwapungia mkono waketi, bado anatafuta kasoro.

Miaka kumi baada ya uhuru, Nairobi ilijipa chombo kikubwa kuliko vyote. KICC, jumba la mikutano la kimataifa, ilikuwa imekusudiwa kuwa makao ya chama cha KANU yenye ghorofa chache. Habari ya kwamba Benki ya Dunia na IMF wangefanya mkutano wao wa mwaka Nairobi ilirefusha michoro ya Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso hadi jengo likasimama mita 105. Kenyatta alilifungua Septemba 1973, na mwezi huohuo wajumbe wakaketi na vidude vya kusikilizia masikioni, wakalimani wakiwa kwenye vibanda vya vioo. Mbinu hiyo ya kutafsiri papo kwa papo ilikuwa imepata jina katika kesi za Nuremberg mwaka 1945. Kwa kumbi za Afrika Mashariki hilo lilikuwa daraja jipya kabisa, na mafundi waliolijua walikuwa hazina. Mwaka 1985, mkutano wa Umoja wa Mataifa wa wanawake ulipofanyika hapohapo, ujuzi ulikuwa umeota mizizi mjini.

Lakini mimi huirudia Septemba ile ya 1973 kwa sababu nyingine. Tarehe 24, rais wa Benki ya Dunia, Robert McNamara, alisimama ukumbini na kuzungumzia ufukara wa mashambani na wakulima wadogo. Hotuba hiyo imeandikwa katika historia ya misaada. Ilisikika vizuri kila pembe ya ukumbi, kwa lugha zote rasmi. Waliozungumziwa hawakuwa na kiti humo. Miaka michache baadaye Benki hiyo ilikuwa miongoni mwa wafadhili wa mradi wa kunyunyizia maji wa Bura, juu kidogo ya Wenje kwenye mto huuhuu, mradi ambao gharama yake ilifumuka hadi ukawa mfano wa kufundishia makosa. Wakazi wa Tana wangekuwa na la kusema mapema kuhusu mto unaohama njia yake. Maikrofoni ilikuwa inaelekea upande mmoja.

Na umeme? Kindaruma, bwawa la kwanza kati ya yale ya Seven Forks, lilianza kuzalisha mwaka 1968. Likafuatwa na Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Yote yako juu ya Mto Tana. Kwa miongo, sehemu kubwa ya taa za majukwaa ya Nairobi iliwashwa na maji ambayo, yakishamaliza kazi yake kwenye mitambo, yaliteremka hadi hapa na kupita gizani. Hola, mji ambao sasa ni makao ya kaunti, ulitegemea mtambo wa dizeli wa peke yake kwa miaka mingi. Ninapoandika bajeti ya mafuta ya jenereta kwa shughuli ya Tana River, kalamu huwa nzito kidogo.

Miaka ya katikati niipite haraka, kwa kuwa ni historia ya vifaa zaidi kuliko ya watu. Maikrofoni ya Shure SM58 ilitoka 1966 na mpaka sasa ndiyo utakayoikuta imepigwa na kuangushwa kila ukumbi. Projekta ya slaidi ya Carousel ilitawala mikutano ya makampuni, kisha PowerPoint ikaja mwaka 1987 na kumpa kila meneja uwezo wa kuwachosha watu kwa rangi. Projekta ikapungua uzito, skrini ya LED ikaingia, na jua likapata mpinzani.

Kilicholeta vyombo hivi vijijini kwa wingi ni Katiba ya 2010. Kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka 2013, kila moja ilitaka uzinduzi wake, maonyesho yake na kongamano lake la wawekezaji. Kongamano la Ugatuzi lilianza Kwale mwaka 2014 na likawa linazunguka, Kisumu, Meru, Naivasha, Kakamega, Kirinyaga, mara nyingi ndani ya mahema makubwa yaliyopandishwa kwenye viwanja vya shule. Tangu 2016 baadhi ya sikukuu za kitaifa nazo zimekuwa zikitolewa Nairobi. Mashujaa ya 2024 ilifanyika Kwale. Nyuma ya kila mojawapo kuna msafara wa malori ambao kamera haziuonyeshi, na vijana wa kaunti hiyo wanaolipwa kwa siku kubeba nondo za jukwaa. Wachache wao hukaa karibu na miksa kuliko wanavyohitajika. Hao ndio mafundi wa kesho, na lori lililokuja Wenje lilikuwa na wawili wa namna hiyo, mmoja wa Garsen.

Korona ya 2020 ikafunga kumbi. Mwezi Aprili mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu makampuni yaliyoorodheshwa sokoni kufanya mikutano mikuu ya wanahisa kwa mtandao, na ghafla mwenye hisa mia za Safaricom akiwa Hola hakuhitaji tena nauli ya kwenda Nairobi. Lilikuwa jambo jema, sikatai. Ila maswali yalitumwa kwa maandishi kabla, yakachujwa na mtu asiyeonekana, na yule bibi aliyezoea kusimama ukumbini kudai gawio lake kwa sauti ya juu akabaki na kitufe.

Turudi uwanjani, jua linapanda.

Fundi alikuwa na daftari la karatasi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa hesabu ya umeme. Jenereta ya kVA 20 hukupa kama kilowati 16 za kutumia. Skrini yake ya mita sita za mraba inaweza kula kilowati nne picha ikiwa nyeupe. Spika, miksa, kompyuta na feni zichukue nyingine nne au tano. Inatosha na kubaki. "Tatizo ni chai," aliniambia. Nilidhani anatania. Saa mbili na nusu wapishi walifika na mabirika mawili ya umeme, kila moja kilowati mbili, wakatafuta soketi. Birika likiwashwa na kuzimwa kwenye waya mmoja na miksa, spika hushtuka, na wakati mwingine swichi hukata katikati ya sentensi ya mgeni rasmi. Kijana wa Garsen alikuwa ameshaagizwa kuwavutia waya wao kutoka fezi nyingine, akaufunga utepe mwekundu. Wapishi hawakujua waliokolewa na nini.

Ukurasa wa pili ulikuwa jua na upepo. Jukwaa liligeuzwa saa moja kabla ya muda, kwa ubishi mkubwa, kwa sababu mratibu alilitaka lielekee mahali wageni watashukia. Fundi alimwonyesha kivuli: saa nne na nusu skrini ingepigwa jua usoni, na hata LED ina mwisho wake. Upepo wa asubuhi nao ulitoka kusini, hivyo hema lilifungwa upande huo na kamba za ziada, na kila maikrofoni ikavalishwa sifongo, kwani upepo ukigusa maikrofoni tupu hunguruma kama lori.

Ukurasa wa tatu ulirudi kwenye kiti cha chini ya mwembe. Uwanjani, kila umbali ukiongezeka maradufu sauti hushuka desibeli sita. Ukitegemea spika za mbele pekee, mtu wa mstari wa kwanza ataziba masikio na wa mwisho atatega sikio. Kwa hiyo spika mbili zilipelekwa katikati, mita 35 kutoka jukwaani. Hapo pana ujanja: katika joto la Tana sauti husafiri kama mita 350 kwa sekunde, wakati umeme kwenye waya hufika papo hapo. Zisipocheleweshwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, mtu wa nyuma atasikia kila neno mara mbili, kama mwangwi wa kisimani. Fundi aliingiza milisekunde 100, akaenda kukaa kitini, akamfanya kijana wake ahesabu kwa maikrofoni moja, mbili, tatu. Akarudi, akaongeza kidogo, akakaa tena. Mara nne. Niliona mchwa wameanza kupanda mguu wa kile kiti.

Ukurasa wa nne ulikuwa lugha. Mratibu alikuwa ametenga dakika 90 kwa programu nzima. Fundi, ambaye si kazi yake, alimuuliza nani atatafsiri kwa Kipokomo na kwa Kiorma. Wenje hakuna vibanda vya vioo. Msemaji husema, mkalimani husema, mwingine husema. Dakika 90 zilikuwa si chini ya saa tatu. Mbele walikuwa wameketi wazee wa Gasa wa Wapokomo na wa Matadeda wa Waorma, watu ambao mabaraza yao hayana jukwaa. Wao hukaa, mmoja husema hadi amalize, mwingine hujibu, na hakuna anayepunguziwa sauti na miksa. Kuwapanga wazee hao kama watazamaji wa filamu ni kosa ambalo hakuna spika ya kulirekebisha, na sehemu hii ya mpangilio ndiyo ninayoona hupuuzwa kuliko zote. Orodha za vifaa ninazozisoma zina maikrofoni nne za jukwaani, mbili za kifuani, moja ya mshereheshaji. Ya hadhira huandikwa mwisho, na bajeti ikibanwa huwa ya kwanza kufutwa.

Hapa haikufutwa. Ilikuwepo moja, isiyo na waya.

Shughuli ilikwenda vizuri. Wimbo wa taifa ulipigwa bila kukwaruza, na ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ukafuata. Mkurugenzi alisoma ukurasa baada ya ukurasa kuhusu ustahimilivu na ushirikishwaji, skrini ikaonyesha michoro ya duara za rangi, wakalimani wakatoka jasho. Mafuriko yalitajwa, na watu wakaguna, kwani kila mtu hapo ana mwaka wake, wengine El Niño ya 1997, wengine 2018, wengine juzi. Saa saba kasoro mshereheshaji akatangaza nafasi ya maswali matatu.

Chini ya mwembe, kwenye kiti kilekile, alikuwa amekaa mzee mmoja mwenye kofia ya vito na fimbo. Aliinua fimbo. Kijana wa Garsen akakimbia na maikrofoni, na alipofika mstari wa tatu kutoka mwisho sauti ikaanza kukatika, kwa kuwa kipokezi kilikuwa jukwaani nyuma ya skrini na miili ya watu ilikuwa katikati. Alipomfikia mzee ilikuwa imekufa kabisa. Mzee aliigonga kwa kidole mara mbili, akamrudishia, akasimama.

"Nimewasikia vizuri sana, kila neno," alisema kwa sauti yake, polepole. "Sasa nyinyi mnanisikia?"

Jukwaani walitabasamu na kutikisa vichwa kwa namna ya watu ambao hawakusikia. Mshereheshaji akamshukuru mzee wetu kwa pongezi zake na kumwita mwenye swali la pili.

Tulipokuwa tukikunja nyaya, fundi alitoa daftari, akalilaza juu ya sanduku la skrini, akaandika chini ya ukurasa wa tatu: kipokezi cha maiki ya wananchi kiwe katikati ya uwanja, si jukwaani. Akapiga mstari chini ya neno wananchi. Kisha akamuuliza kijana wa Garsen kama yule mzee bado yupo, maana alitaka kujua swali lilikuwa nini. Kijana alisema ameondoka na watu wa mtumbwi.